Maji ya Kiberenge Huonjwa Kwanza

Siku ya kwanza kwenye banda la viberenge pale Tabora nilidhani nitapewa usukani. Kiberenge hakina usukani, maana reli yenyewe ndiyo inayokata kona, lakini hata hilo sikulijua. Nilipewa fagio.

Kwa asiyekijua, kiberenge ni kigari kidogo cha reli: injini mbele, mabenchi mawili ya mbao nyuma, turubai juu, na magurudumu ya chuma. Kazi yake ni kubeba mafundi wa njia na vifaa vyao mahali ambapo treni haisimami. Aliyenipa fagio ni Dereva Mkuu wa viberenge, Mzee Maganga, mtu mfupi mwenye sauti ndogo hata ukamsogelea bila kutaka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umetoka gengi gani?"

"La Usoke, mzee."

"Na hilo bega limekuwaje?"

"Nyundo."

Nilikuwa nimepiga nyundo miaka saba kwenye gengi, yaani kikosi cha kutengeneza njia, nikikaza misumari kwenye mataruma yanayobeba reli. Bega la kushoto lilikuwa limeshatoka mahali pake mara mbili. Mganga wa zahanati alisema likitoka mara ya tatu sitaweza kuinua hata mtoto. Ndiyo sababu nikaomba mafunzo ya udereva.

"Basi hapa hakuna nyundo," alisema Mzee Maganga. "Hapa kuna maji. Ukiyajali maji utastaafu na mabega yako yote mawili. Fagia hiyo rejeta."

Rejeta ni kile kisanduku cha bati chenye vijibomba vyembamba mbele ya injini. Maji ya moto kutoka kwenye injini hupita humo, upepo unayapoza, kisha hurudi. Nilianza kufagia kwa mbele. Akanishika mkono.

"Unashindilia. Takataka zimeingia kwa mbele, zitatokaje kwa nyuma? Zirudishe zilikotoka."

Nikafagia kutoka nyuma kwenda mbele, na zikatoka mbegu za nyasi, mabawa ya panzi na majani yaliyosagika, karibu kofia nzima. Nimeandika hivyo kwenye daftari langu la mwaka ule, "karibu kofia nzima", ingawa leo nikifikiri naona labda ilikuwa nusu kofia. Nilikuwa mgeni na kila kitu nilikiona kikubwa.

Mwaka mzima wa mafunzo ulikuwa wa joto na maji, mambo mengine yalifuata. Wakati wa masika injini haikusumbui. Kiangazi ndicho kinachompima dereva. Kuanzia mwezi wa sita upepo wa nchi hii hutoka mashariki. Ukitoka Tabora kwenda Kaliua unao mgongoni, wewe na upepo mnakwenda mwendo mmoja, kwa hiyo rejeta haipati hewa yoyote. Injini inachemka na kumbe njia ni tambarare. Ukirudi Tabora upepo unakupiga usoni, injini inapoa, na abiria wanakusifu kuwa leo umeendesha vizuri. Hukuendesha vizuri. Umepata upepo tu.

Tulifundishwa kutozima injini iliyochoka kwa ghafla. Unaiacha iungurume taratibu kwanza, kwa sababu ukiizima, maji yanasimama na moto unabaki ndani. Tulifundishwa kutofungua kifuniko cha rejeta wakati inachemka, na asiyesikia alionyeshwa mkono wa fundi mmoja wa karakana uliobabuka mpaka kwenye kiwiko. Kubwa kuliko yote, usimimine maji baridi kwenye injini yenye moto. Chuma kinashtuka, kinapasuka. Wapo madereva waliotundika gunia bichi mbele ya rejeta kama mtu anavyofunga mtungi ili upoe. Mimi niliona linaziba hewa kuliko linavyopoza, lakini nakiri kuwa waliolitumia walifika safari zao kama mimi nilivyofika zangu.

Halafu kulikuwa na kuonja. Kila penye kisima au tangi, Mzee Maganga alichovya kidole ndani ya debe, akalamba, akatema.

"Chumvi," alisema. "Maji haya mpe mbuzi. Rejeta itaota ukoko mweupe kama birika la mke mvivu."

"Wewe mzee, kama birika lina ukoko basi chai inapikwa sana," alimjibu mama mmoja aliyekuwa akiteka pale. "La kwako labda halina ukoko kwa sababu huna sukari."

Mzee Maganga alicheka mpaka akakaa chini. Lakini maji yale hakuyachukua.

Babu yangu aliniambia kuwa wapagazi wa zamani, waliobeba mizigo kutoka pwani kupitia Tabora mpaka ziwani, hawakuhesabu safari kwa siku. Walihesabu kwa visima, na wanyapara wao waliyajua maji kwa ladha. Sijui kama ni kweli au alitaka tu kuwasifu wazee wake. Ninachoweza kusema ni kwamba nasi tulihesabu hivyo hivyo, njia ile ile, tukiwa na injini.

Nilipopata cheti nilipelekwa Kaliua, pale njia ya Mpanda inapoachana na ile ya Kigoma. Mkubwa wangu alikuwa Mkaguzi wa Njia, mtu mrefu mwenye miwani, asiyepandisha sauti hata siku moja. Sikumpenda sana, lakini sijawahi kumkuta akidanganya.

Chini yake nilichemsha injini mara mbili. Sitazificha. Ya kwanza ilikuwa upande wa Urambo: mkanda wa feni ulikatika, nami nikaendelea kilomita kadhaa nikijidanganya kuwa ile harufu ni ya msitu unaochomwa. Ya pili ni ya aibu zaidi. Rejeta ilikauka, nikaona mvua imetanda, nikaharakisha, nikamimina maji baridi juu ya moto. Hedi, ambayo ni kile kifuniko kizito cha juu ya injini, ikapasuka kwa mlio kama wa chungu. Jambo nililofundishwa mwezi wa kwanza nililikosea mwaka wa tano.

Mkaguzi aliniita ofisini.

"Yohana, una bega gani bovu?"

"La kushoto, bwana Mkaguzi."

"Nalijua. Ndiyo maana nakwambia mapema. Ikichemka ya tatu kwa uzembe, unarudi gengi, kwenye nyundo. Sitakuwa nimekuonea."

"Hutakuwa umenionea, bwana."

Nilisema hivyo kwa sababu ilikuwa kweli. Nyumbani sikumwambia mke wangu maneno yale. Nilimwambia tu aanze kunisugua bega kwa mafuta ya moto, akauliza kwa nini wakati siendi kubeba kitu. Nikasema ni baridi.

Msaidizi wangu wa Kaliua alikuwa Kashindye, mtu wa umri wangu, mchekeshaji, mkimbiaji mzuri, na mlina asali kwa asili kama watu wengi wa kule. Kila likizo aliingia porini kwa shemeji yake mwenye mizinga. Kazi yake kwenye kiberenge ilikuwa bendera, breki ya mkono na maji. Tulibeba madebe mawili kila safari. Moja lilikuwa la injini. La pili lilikuwa desturi tu, haimo katika kanuni yoyote: kiangazi kiberenge hakipiti kambi ya gengi bila kushusha debe moja la maji. Kambi zile ziko katikati ya msitu, visima vinakauka, na wake wa wafanyakazi wanatembea nusu siku. Dereva aliyepita bila kushusha alipigiwa miluzi mpaka akapotea machoni.

Safari ninayotaka kuieleza ilikuwa mwezi wa kumi, mwisho wa kiangazi. Ilikuja habari kuwa kwenye njia ya Mpanda, mbele ya kambi ya tatu, reli imepinda kwa jua. Chuma kikipata joto kinavimba, kikikosa nafasi kinajisukuma pembeni. Nilimchukua nyapara wa gengi, Luhende, na watu wake wanne. Tulipewa muda: mpaka saa nane mchana tuwe tumefika stesheni ya mbele au tumekishusha kiberenge kando ya njia, kwa sababu treni ya kutoka Mpanda ingepita.

Debe letu moja lilikuwa limetoboka usiku uliotangulia. Asubuhi Kashindye akaja na la kwake kutoka nyumbani, limejaa.

Kwenye kambi ya tatu tulikuta tangi limekauka. Mke wa mmoja wa wafanyakazi alisimama kando ya njia na ndoo, ameshaiinamisha tayari kupokea. Nilishusha debe la kwanza. Sijutii. Hata leo ningelishusha.

"Mungu awape upepo wa mbele," alisema yule mama.

"Upepo wa mbele ukija, mama, Kashindye atapeperuka," alisema Luhende. "Mwili wote miguu."

"Afadhali mimi miguu, nyapara. Wewe mwili wote tumbo, ndiyo maana injini inachemka."

Kilomita chache baadaye sindano ya joto ilipanda. Haikupanda sana. Nikasimamisha, nikaiacha injini iungurume, nikasubiri, nikafungua kifuniko kwa kitambaa kama nilivyofundishwa. Kashindye akaleta debe lake. Alipoliinamisha nikasikia harufu tamu. Nilikuwa na nafasi ya kuchovya kidole. Nakumbuka hata kidole changu kilisogea.

Lakini sikuonja, na sababu yake nimeifikiria miaka mingi. Kule kwetu mtu akikupa maji mwezi wa kumi, huyanusi wala huyaonji mbele ya macho yake. Unayapokea. Kuyaonja ni kumwambia kuwa huamini mikono yake. Mzee Maganga aliweza kwa sababu alikuwa mzee na alichekesha. Mimi nilikuwa na watu watano wananitazama na rafiki yangu ameshika debe. Nikajiambia harufu ile ni maua, maana mwezi wa kumi msitu unachanua kabla ya mvua. Nikasema, "Mimina polepole."

Akamimina polepole, mpaka tone la mwisho.

Debe lile lilikuwa limebeba asali wiki moja kabla. Mwezi wa nne lingeoshwa mara tatu. Mwezi wa kumi mke wa Kashindye alilisuuza kwa kibuyu kimoja cha maji, akayatumia yale yale kuogesha mtoto. Chini kwenye pembe zilibaki asali iliyoganda na nta ya masega. Maji ya asubuhi yaliilegeza tu, ikamiminika vipande vipande. Maji ya moto ya injini yaliiyeyusha, yakaichukua, yakaenda kuigandisha kwenye vijibomba vya rejeta.

Hatukufika kilomita nne. Sindano ilikwenda mpaka mwisho ikalala. Povu la rangi ya chai likatoka kwenye mpira wa juu, mvuke ukajaa, na mvuke ule ulinukia kama chungu cha wanzuki, ile pombe yetu ya asali. Luhende alivuta pumzi akasema, "Yohana, leo umetupikia." Kisha injini ikanoki na kukwama. Saa ya Luhende ilisema bado dakika chini ya arobaini kufika saa nane.

Kukishusha kiberenge kwenye reli ni kazi ya watu sita na dakika kumi. Sote tulishika. Nyuki wa kwanza alitua kwenye rejeta. Nilimwona, nikamwona na wa pili. Msitu mzima ulikuwa umekauka, hakuna tone kwa kilomita nyingi, na sisi tulikuwa tumesimama katikati tukitoa mvuke wa asali. Walikuja kama moshi unaorudi nyuma. Mtu wa kwanza kuumwa aliachia, chuma kikamwangukia wa pili karibu na mguu, na wote wakakimbilia porini.

"Kashindye!" niliita. "Bendera na fataki!"

Fataki ni vidonge vya baruti vinavyofungwa juu ya reli. Gurudumu la treni likivikanyaga vinalia, na dereva anajua asimame. Kashindye tayari alikuwa na nyuki kwenye kope na shingoni. Alichukua mfuko na bendera nyekundu akakimbia kuelekea Mpanda, juani, juu ya mataruma, bila kujipangusa. Mimi nilijifunika turubai nikakaa karibu na kiberenge. Si ushujaa. Sikuwa na mbio.

Tulisikia fataki zikilia mbali, moja, halafu ya pili. Kisha breki. Treni ilisimama mahali ambapo niliweza kuiona lakini sikuweza kusoma namba yake. Watu wa treni walishuka wakawasha majani mabichi, moshi ukawaondoa nyuki, nao wakatusaidia kukishusha kiberenge. Reli iliyopinda ilikuwa kati yetu na treni, na Luhende na watu wake wakainyoosha kabla haijapita. Hakuna aliyekufa. Kashindye alikuwa amevimba uso mpaka macho hayaonekani, na walimkuta ameketi juu ya reli, bado ameinua bendera, kwa sababu hakuona kuwa treni imeshasimama.

Siku ya tatu tuliitwa Kaliua mbele ya Mkaguzi wa Njia. Rejeta ilikuwa mezani kwake, imekatwa, nta inaonekana kwenye vijibomba kama maziwa yaliyoganda. Karani aliketi na kalamu.

"Debe la nani?" aliuliza Mkaguzi.

"Langu, bwana," alisema Kashindye. Mdomo ulikuwa bado mzito.

"Nani alimimina?"

"Mimi."

"Ulijua lilikuwa na asali?"

"Nilijua lilikuwa nayo wiki iliyopita. Nilidhani limeoshwa."

Mkaguzi alimtazama karani, karani akaanza kuandika. Nilielewa kinachoandikwa. Nilikuwa na bega langu na mke aliyekuwa akilisugua bila kujua kwa nini. Kama ningenyamaza, kosa lingekuwa la msaidizi, naye angefukuzwa, na ya tatu isingehesabiwa kwangu. Hakuna aliyejua kuhusu harufu. Hata Kashindye hakujua kwamba niliisikia.

Ningependa kuandika kuwa nilisimama mara moja. Sikusimama. Karani aliandika mstari mzima na kuanza wa pili.

"Bwana Mkaguzi," nikasema, "mimi niliisikia harufu kabla hajamimina."

Kalamu ikasimama.

"Ukafanya nini?"

"Nilisema amimine polepole."

"Ulifundishwa kuonja?"

"Nilifundishwa."

"Kwa nini hukuonja?"

"Niliona haya, bwana."

Mkaguzi alivua miwani akaifuta muda mrefu. "Unakumbuka nilikwambia nini?"

"Nakumbuka. Na hutakuwa umenionea."

Kashindye alipewa onyo, na chini yake pakaandikwa kuwa alisimamisha treni. Mimi nilirudishwa gengi, kambi ya tatu, ile ile. Mkaguzi aliandika nyundo kama alivyoahidi. Ila nyapara Luhende aliisoma barua ile mara mbili, akaikunja, akanipa spana ndefu. "Nyundo zetu zimeisha," alisema, huku mtu mmoja nyuma yake akipiga nyundo. Tangu siku hiyo kazi yangu ikawa kutembea kwa miguu, kilomita zangu kila asubuhi, nikikaza nati zilizolegea. Bega halikutoka tena. Kwa hiyo sidai kuwa niliadhibiwa sana.

Nimejiuliza kama nilisema kwa ajili ya haki au kwa kuogopa uso wa Kashindye uliovimba. Daftari la siku ile halisemi. Limeandikwa tu, "Nimesema. Nimerudi gengi. Maji ya kambi ni machache." Mke wangu nilimwambia jioni hiyo, akasema kumbe mafuta yale aliyapoteza bure.

Miaka imepita. Sasa nakaa Mtendeni, hapa hapa Tabora, kwa binti yangu, na vijana wanaoendesha bajaji hapa nje wanachemsha injini na kumwaga maji baridi juu yake kila wiki. Nikiwaambia wananiita babu wa reli. Sina uhakika kama wanakosea, injini zao ni nyingine. Na reli mpya inajengwa, nasikia mitambo yake inajipima joto yenyewe. Huenda ni kweli. Ninachoweza kumwachia kijana ni kidogo: fagia kutoka nyuma, subiri kabla ya kufungua, na usione haya.

Siku yangu ya mwisho kazini kiberenge kilikuja kambini kunichukua na sanduku langu. Dereva alikuwa Kashindye. Alikuwa na cheti miaka mingi wakati huo, na kovu dogo kwenye kope. Alishusha debe la kambi, wanawake wakalipokea. Kisha akafungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa, msaidizi wake akaleta debe la pili, na watu wote wakiwa wanatazama, Kashindye akachovya kidole, akalamba, akatema. Msaidizi hakukasirika hata kidogo. Luhende, aliyekuwa mzee sasa, aliniambia kuwa kwenye njia ile wote wanafanya hivyo, na asiyeonja ndiye anayeulizwa ana haraka ya nini.

Kashindye alinigeuzia debe.

"Onja na wewe, dereva."

Nikachovya kidole. Yalikuwa maji.

"Mimina," nikasema.